Chupa ya Mama Sanduku

Jumamosi, tarehe ishirini na mbili Agosti. Jua lilikuwa kali tangu asubuhi, upepo hakuna, na mabati ya ukumbi wetu yalikuwa yakilia kila yalipotanuka. Bomba la nyuma ya jukwaa lilitoa maji kwa kusuasua, maana tangi la juu ya paa lilikuwa limebaki na maji ya chini kabisa, yale yanayokaa huko muda mrefu bila mtu kuyafikia.

Jioni ile tulikuwa tunaonyesha tena mchezo wetu wa kuchekesha kuhusu baba mwenye nyumba mwenye jicho moja bovu. Wapangaji wake hupitisha upande wa jicho lile kila kitu alichokataza: paka, jiko la ziada, shemeji aliyekuja kulala siku moja akahamia. Wanaamini haoni. Kumbe anaona kila kitu.

Baba mwenye nyumba aliigizwa na Mrefu. Mchana alikuwa dereva wa lori la saruji, na jioni alikuwa mchekeshaji wetu bora. Mimi kazi yangu ilikuwa kukaa nyuma ya pazia na kuwanong'oneza waigizaji maneno waliyosahau, kwa hiyo niliyaona mengi kutoka pembeni. Lakini habari hii si ya Mrefu peke yake. Ni ya mama aliyetunza vifaa vyetu, ambaye sote tulimwita Mama Sanduku.

Alikuja kwetu miaka mingi iliyopita akiwa mjane, fundi wa kushona mapazia. Kikundi kilihitaji sanduku la bati kwa ajili ya mchezo fulani, naye akatuazima la kwake. Alihudhuria mazoezi yote ili kulilinda. "Siwaamini," alisema waziwazi. "Nyinyi mnapiga vitu mateke ili watu wacheke." Mchezo ulipokwisha, sanduku lilibaki na yeye akabaki. Akaanza kutunza kofia, kisha bakora, kisha kila kitu. Akisema fimbo ipo nyuma ya mlango, mkono wako utaikuta gizani.

Ujuzi wake mkubwa ulikuwa chupa. Pombe kali ilikuwa chai ya rangi. Divai ilikuwa maji ya karkadee. Dawa ya kikohozi, sumu, mafuta ya taa, manukato, vyote vilikuwa maji ya bomba. Mwigizaji mmoja aliwahi kudai bia ya kweli ili aigize vizuri, akasinzia katikati ya sehemu ya pili, na mke wake wa mchezoni akalazimika kugombana na mtu anayekoroma. Tangu hapo Mama Sanduku hakubishana na mtu. "Jukwaani chupa haina kazi ya kuwa na kitu," alikuwa akiwaambia wageni. "Kazi yake ni kuonekana imejaa."

Mwongozaji wetu aliagiza lenzi nyeupe ya kuvaa ndani ya jicho, ili jicho la baba mwenye nyumba lionekane limeingia ukungu. Ililetwa na mtu aliyesafiri, pamoja na chupa ya dawa yake ya kuoshea na kulowekea. Mwongozaji alimkabidhi Mama Sanduku vyote viwili na kumweleza namna ya kuvitumia. Aliyafuata maelezo kama mtu anayetunza kito. Alinawa mikono kwa sabuni, akaosha lenzi kwa dawa ile, akailoweka kwenye kikopo chake kidogo, akafunga kifuniko. Mrefu hakuruhusiwa kugusa chupa.

Sasa jioni ile ya Jumamosi, watu wakiwa wameshaanza kukaa, aliibinya chupa ikatoa hewa tu. Duka la miwani lilikuwa limefungwa tangu mchana.

"Mama, jicho langu liko wapi?" Mrefu aliita kutoka chumba cha kubadilishia nguo.

"Linakuja, mwanangu. Acha kunipigia kelele kama mwenye nyumba wa kweli."

Akaenda bombani. Aliniambia baadaye kwamba mkono wake haukusita hata kidogo. Alifungua mdomo wa chupa, akaijaza maji, akaufunga, akaikausha kwa aproni. Ni kitu alichokuwa amekifanya maisha yake yote. Aliiosha lenzi kwa maji yale na kumpelekea Mrefu kwenye kiganja. Ilikuwa iwe jioni moja tu, Jumatatu angekwenda kununua nyingine.

Jumatatu alifungua kabati akaikuta chupa imejaa. Akalifunga kabati na kuendelea na kofia. Hakuwa amesahau kabisa, lakini hakuwa anakumbuka pia. Macho yake yaliona chupa iliyojaa, na chupa iliyojaa haihitaji kununuliwa. Miaka yote alikuwa ameyadanganya macho ya watu kwa namna hiyo hiyo. Tulicheza mchezo ule mwisho wa kila wiki hadi katikati ya Septemba, na kila mara lenzi ililowekwa kwenye maji ya tangi.

Jicho lilianza kama lina mchanga. "Baba mwenye nyumba amekataa kuhama," Mrefu alitania, akilifikicha. Wiki iliyofuata lilikuwa jekundu, likitoa machozi, na mwanga ulimchoma. Aliendesha lori siku mbili akiwa amelifumba, siku ya tatu akarudisha funguo kwa mkuu wake. Nyumbani mke wake alitundika blanketi dirishani. Maumivu, alisema, ni kama mtu ameingiza sindano nyuma ya jicho na anaizungusha akifikiria jambo jingine.

Mke wake alikuwa na mtoto mchanga na kazi ya alfajiri kwenye duka la mikate, kwa hiyo Mama Sanduku ndiye aliyempeleka hospitali, akimshika mkono kama kipofu. Daktari wa macho alikuwa mwanamke wa sauti ya chini, asiye na haraka. Alilitazama jicho kwa mashine yake, akasogea nyuma, akauliza kuhusu lenzi.

"Uliioshea nini?"

"Dawa yake, daktari," alisema Mrefu.

"Hukuwahi kutumia maji? Ya bomba, ya kisima, hata mara moja?"

Mrefu akacheka, ingawa machozi yalikuwa yanamtiririka. "Humjui mama huyu. Chupa ya dawa anaitunza yeye, hata mimi siigusi. Muulize mwenyewe."

Daktari akamgeukia. Mama Sanduku alikuwa amekaa kwenye kiti karibu na mlango, mkoba magotini. Alielewa pale pale kwa nini swali lile limeulizwa. Aliona pia jinsi Mrefu alivyogeuza uso wake upande wake, kwa fahari, kama mtu anayemtambulisha mama yake mzazi.

"Ninaitunza mimi," alisema.

Hilo halikuwa uongo. Daktari akaandika, akasema inaelekea ni kirusi kinachopenda kushambulia jicho, ugonjwa anaouona kila wiki, akatoa marhamu na matone.

Kwa siku chache wekundu ulipungua. Mama Sanduku alifurahi kuliko mwenye jicho. Alileta matunda, aliimba akikunja mavazi, alimwambia kila mtu kwamba ni kirusi tu, kirusi huja na kuondoka. Nilidhani ni mapenzi. Yalikuwa mapenzi, ila kulikuwa na kitu kingine ndani yake. Kila dalili ya nafuu ilikuwa inamwambia kwamba hana haja ya kusema.

Kisha maumivu yakarudi, makali kuliko mwanzo. Mchana mmoja mke wa Mrefu alimwomba amshikie tochi ili aweze kumtia dawa. Mama Sanduku akaona, juu ya kile kioo cha mbele ya jicho, duara jeupe lililofifia, kama alama ya kikombe kilichoachwa mezani. Jicho lile alikuwa amelizoea likiwa jeupe kwa lenzi. Sasa lenzi haikuwamo.

Kesho yake alikwenda hospitali peke yake, chupa ikiwa kwenye leso.

"Mgonjwa yuko wapi?" daktari aliuliza.

"Nyumbani. Nimekuja mimi."

"Unaumwa nini, mama?"

"Siumwi. Yale maji uliyouliza siku ile." Akaifungua leso na kuiweka chupa mezani. "Dawa iliisha. Nilijaza maji ya bomba."

Daktari aliitazama chupa, hakuigusa. "Kwa muda gani?"

"Mpaka mchezo ulipokwisha."

"Siku ile nilipouliza ulikuwa umekaa pale."

"Nilikuwa nimekaa pale."

Daktari hakumgombeza. Mama Sanduku aliniambia kwamba angegombezwa angeweza angalau kulia. Daktari alinyanyua simu, akaagiza chumba kitayarishwe, akasema, "Kamlete. Leo, si kesho."

Walilikwangua jicho kidogo baada ya kulitia ganzi, wakaangalia kwa hadubini. Mrefu akiwa amelala chumba cha pili, daktari alimwita Mama Sanduku koridoni. Alimweleza kwamba ni amiba, kiumbe kidogo mno kinachoishi majini na kwenye udongo. Maji hayo hayo watu wanayanywa na kuyaoga wala hayawadhuru. Lakini lenzi hukwaruza, na amiba akipata mkwaruzo kwenye konea, kile kioo cha mbele ya jicho, anaingia, anajenga ganda kama la mbegu, na dawa nyingi hazilipenyi ganda hilo. Aina moja ya matone waliyompa kwa ajili ya kirusi ilipunguza wekundu, lakini ilikuwa imempa amiba nafasi.

"Ni ugonjwa wa nadra," alisema. "Nimeona wagonjwa wawili tu kabla yake. Mmoja alikuja mapema, leo anasoma gazeti kwa jicho lile. Mwingine alichelewa."

"Huyo haoni?"

"Anajua mchana na anajua usiku."

"Na wangu?"

"Wako yuko katikati. Wiki zile tulizopoteza zilikuwa na maana, mama, sitakuficha. Nitamtibu. Kumwambia ni kazi yako, si yangu. Lakini akiniuliza, nitamjibu."

Mrefu hakuuliza. Alichojua ni kwamba Mama Sanduku alikwenda kwa daktari, na siku ile ile daktari akabadilisha mawazo. Akaijaza mwenyewe nafasi iliyobaki. Kila mgeni aliyekuja kumwona alimsimulia jinsi mama huyu asiye na cheti cha udaktari alivyokataa kukubali habari za kirusi, akaenda kumwamsha daktari. "Bila yeye jicho hili lingekuwa limeshazikwa," alisema. "Mngekuwa mnakuja matangani."

Mwongozaji alitusimulia hayo mazoezini na kutuomba tumpigie makofi. Tukapiga. Mama Sanduku alikuwa ameshika bakora ya baba mwenye nyumba, akaendelea kuifuta kwa kitambaa mpaka tulipomaliza.

Siku za mwanzo matone yalitiwa kila saa, usiku na mchana. Mke alichukua usiku, Mama Sanduku akachukua mchana. Aliacha kushona mapazia. Alinawa, akavuta kope ya chini, akadondosha, akahesabu kwa sauti, akafuta shavu. Mrefu alipopiga kelele za maumivu alimwambia, "Nitukane, mwanangu, usinyamaze." Mrefu hakumtukana. Alimwita mama.

Kitu kimoja mke wa Mrefu alikiona mapema kuliko sisi wengine. Mama Sanduku hakunywa chai yao.

"Una nini na chai yetu, mama?"

"Tumbo tu, mwanangu."

"Tumbo la miezi miwili?"

"La kizee. Likikasirika halisuluhishiki."

Mke alicheka, akamwekea kikombe hata hivyo. Kilipoa mbele yake kila siku. "Mungu akulipe," alimwambia kila alipoaga. Mama Sanduku aliniambia kwamba maneno yale aliyaogopa kuliko matusi, kwa sababu aliamini yangetimizwa.

Mwaka mpya ulipoingia maumivu yalikuwa yamekwisha karibu yote. Matone yalipunguzwa, mpaka yakabaki ya asubuhi, mchana, jioni na wakati wa kulala. Ila kovu lilibaki katikati ya konea, jeupe kama ganda la yai. Kwa jicho lile Mrefu aliona dirisha, na aliona mkono ukipungwa. Hakuona ni mkono wa nani. Daktari alisema jicho likitulia muda wa kutosha anaweza kuwekewa konea ya mtu aliyefariki. Inaweza kushika, inaweza isishike.

Leseni ya lori ilifutwa. Mkuu wake alimpa kazi ya getini, kukagua malori yanayotoka. Wenzake wa zamani walimtania kwamba watapitisha mifuko ya saruji upande wa jicho bovu. "Piteni," alijibu. "Mchezo huo naujua kuliko nyinyi." Watu walicheka, naye akacheka. Lakini jukwaani hakurudi.

Jumapili moja ya Februari, mchana, Mama Sanduku alikuwa amemaliza kumtia matone, na mimi nilikuwa nimekwenda kumsalimu. Mke alikuwa akikunja nepi kitandani. Nikamuuliza Mrefu kama ameshaamua kuhusu upasuaji.

"Sifanyi," alisema.

Mke aliacha kukunja. "Mwambie na sababu. Mwambie hiyo sababu yako ya kitoto."

Kichwa cha Mrefu kilikuwa bado kimeegemea nyuma. "Daktari alisema ugonjwa huu unatoka majini. Nimekaa miezi nikitafuta ni maji gani. Nimeyapata. Kuna pipa kule bohari, tunanawa pale vumbi la saruji. Siku moja nilipitia bohari jioni nikiwa nimeshavaa lenzi, nilitaka kuwatisha jamaa. Nikanawa uso. Upuuzi wangu mwenyewe. Nimepoteza lori, mke wangu anaamka alfajiri na mtoto mgongoni, mama huyu ameacha mapazia yake. Halafu mtu afe, nipewe jicho lake nilichezee tena?"

"Nilikuambia uache mambo ya michezo," mke alisema taratibu. Ilionekana ni neno alilokwisha kulisema mara nyingi, na kwamba lilikuwa limeanza kukaa kati yao wawili.

"Uliniambia. Hakuna anayebisha."

Mama Sanduku alikuwa amesimama na kitambaa cha kufutia mkononi. Nilimwona akikikunja, akikikunjua, akikikunja tena.

"Si pipa," alisema.

"Mama, usinitetee."

"Sikutetei. Si pipa, ni chupa. Dawa ya lenzi iliisha ile Jumamosi ya joto. Nilijaza maji ya bomba, sikununua nyingine. Umevaa maji ya tangi mpaka ulipougua."

Mtoto alikuwa akigonga kijiko sakafuni. Mke aliinama akakichukua.

"Chupa ile ile?" Mrefu aliuliza.

"Ile ile."

"Niliyomwambia daktari hata mimi siigusi."

"Ulimwambia."

"Ukiwa umekaa hapo pembeni."

"Nilikuwa nimekaa. Nilijua kosa lilipo, nikanyamaza. Nilikwenda kumwambia daktari nilipoona lile duara. Siku zile za katikati ni zangu."

Mrefu alikaa sawa kitini, akamgeuzia jicho zima. "Miezi yote hii nimeligombeza pipa," alisema. "Juzi nimelipiga teke. Walinzi wakadhani nimepata wazimu."

Hakuna aliyecheka. Mama Sanduku alisema, "Nisamehe, mwanangu." Mke alisimama, akachukua kitambaa mkononi mwake, akakiweka juu ya meza.

"Naomba uende nyumbani, mama," alisema, kwa adabu kabisa.

Akaenda. Nilimsindikiza mpaka kona. Hakulia na hakujitetea. Aliniuliza kitu kimoja tu, kama niliona alivyokaa sawa kitini. "Hakukaa hivyo tangu Oktoba," alisema. "Alikuwa anakaa kama mtu aliyeiba." Aliniomba nisimwendee siku mbili tatu, na nilimtii. Yaliyofuata nimeambiwa na mke wa Mrefu.

Asubuhi yake, Jumatatu, Mama Sanduku alikwenda dirisha la dawa la hospitali kabla halijafunguliwa, kwa sababu alijua chupa ya matone ilikuwa imekwisha jana yake. Alichukua mpya, akatembea nayo mpaka nyumba ya Mrefu, akafika saa ya matone ya kwanza, akabisha hodi. Mke alifungua. Hakusema karibu, wala hakufunga mlango. Mama Sanduku alinawa mikono kwenye beseni la pale nje kama kawaida, akaingia na kusimama mbele ya kiti.

"Umeleta nini?" Mrefu aliuliza.

"Dawa. Mpya."

"Lete."

Aliishika, akaipapasa shingoni kwa kidole gumba, akazunguka nacho taratibu mpaka akahakikisha pete ya kizibo haijakatika. Akamrudishia.

"Ifungue hapa, karibu na sikio."

Mama Sanduku aliinama, akaiweka chupa kando ya sikio lake, akakizungusha kizibo. Pete ikakatika, ikalia. Mrefu akaegemeza kichwa nyuma na kufungua jicho, naye akavuta kope ya chini na kudondosha tone la kwanza.